Je, kodi yangu ilipie jambo ambalo dini yangu inalikataza?

Swali. Mimi ni mtu wa dini na sioni haya kusema hivyo. Serikali inachukua kodi yangu na kulipia vidonge vya kuzuia mimba, matibabu ya watu waliojiharibu kwa pombe, na katika nchi nyingine hata utoaji mimba. Haya yote dini yangu inayakataza. Kama mtu amejichagulia maisha yake, si alipe mwenyewe? Na kwa nini tukilisema hili kwenye siasa tunaambiwa dini tuiache nyumbani?

Jibu. Ndugu msomaji, hapo kuna maswali mawili. La kwanza ni la kodi: je, dola ina haki ya kuchukua fedha ya muumini na kuitumia kwa jambo analoliona dhambi? La pili ni la siasa: je, muumini ana haki ya kuipeleka imani yake kwenye kura na bungeni? Kwa la pili nitakuunga mkono, pengine kuliko unavyotarajia. Kwa la kwanza nitakupinga, ila kwa sehemu tu, na sehemu hiyo inataka maelezo.

Lalamiko lako lina historia ndefu na ya heshima, na wengi wa walioanza kulitoa walikuwa wacha Mungu. Mwaka 70 Warumi walilibomoa Hekalu la Yerusalemu. Kabla ya hapo wanaume wa Kiyahudi walikuwa wakitoa nusu shekeli kila mwaka kwa ajili ya Hekalu hilo. Kaizari Vespasian hakuufuta mchango huo. Aliugeuza kuwa kodi ya drakma mbili kwa mwaka, juu ya Wayahudi wote wa dola yake, na fedha ikapelekwa kwenye hekalu la Jupiter mjini Roma. Mtu anayeamini Mungu mmoja akalazimishwa, kwa kosa la kuwa Myahudi tu, kumgharimia mungu wa adui aliyemshinda vitani. Sijui dhuluma ya kodi iliyo wazi kuliko hiyo.

Ukija karibu zaidi na wakati wetu, mwaka 1784 huko Virginia, Marekani, mwanasiasa Patrick Henry alipigania muswada wa kutoza kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo. Ulionekana muswada wa upole, maana kila mlipaji angechagua fedha yake iende kwa kanisa gani. Miongoni mwa walioupinga kwa nguvu zote walikuwa Wabaptisti, Wakristo ambao wahubiri wao walikuwa wameonja jela ya Virginia kwa kuhubiri bila kibali. James Madison, mwanasiasa wa hukohuko, akaandika waraka wa kuupinga mwaka 1785, bila kutia jina lake. Hoja yake: mamlaka inayoweza kumlazimisha raia atoe peni tatu tu kwa ajili ya dini fulani inaweza kesho kumlazimisha aifuate dini hiyo katika kila jambo. Muswada ukafa. Januari 1786 ikapita sheria ya uhuru wa dini iliyoandikwa na Thomas Jefferson, na humo imeandikwa kwamba kumlazimisha mtu atoe fedha za kueneza maoni asiyoyaamini ni dhambi na udhalimu. India nayo, ilipojiandikia katiba, iliweka kifungu cha 27: hakuna anayeweza kulazimishwa kulipa kodi ambayo mapato yake yametengwa mahususi kwa ajili ya kuikuza au kuiendesha dini fulani.

Uingereza ilipopitisha sheria ya elimu ya mwaka 1902, shule za Kianglikana na za Kikatoliki ziliingizwa kwenye kodi za mitaa. Wakristo wa madhehebu mengine, mmoja wa viongozi wao akiwa mchungaji wa Kibaptisti John Clifford, wakakataa kulipa ile sehemu waliyohesabu kuwa inakwenda kufundisha dini ya wengine. Zilizobaki walilipa. Waliitwa mahakamani wakaenda, wakatazama vyombo vyao vya ndani vikinadiwa kufidia deni, na baadhi yao wakaingia jela. Siwezi kuwasoma watu hao bila kuvua kofia.

Lakini tazama walichokuwa wakikikataa, wote hao. Walikuwa wakitozwa ili ibada, mahubiri au mafundisho ya dini ya mwingine yapate fedha. Dola ilikuwa imeingia mahali isipo na kazi. Hapo nasimama nao bila kusita, na kama kodi yako ingekuwa inalipa mishahara ya wahubiri wa imani nyingine ningekwambia nenda mahakamani kesho asubuhi.

Wewe hulalamikii hilo. Unalalamikia huduma ya umma, inayotolewa kwa sababu za afya au ustawi, ambayo mtu mwingine anaitumia kwa namna ambayo imani yako haiikubali. Hili ni jambo la aina nyingine, na nalo lina historia yake.

Mwaka 1755, vita vilipokuwa vinaikaribia Pennsylvania, kundi la Wakweka, watu wa Kanisa la Marafiki, John Woolman akiwa mmoja wao, walitangaza kwamba hawawezi kulipa kodi itakayonunua silaha. Imani yao haikuruhusu kumwaga damu, na hawakuona tofauti kati ya kushika bunduki na kumnunulia mwingine. Nawaheshimu. Ila hata Wakweka wenzao hawakukubaliana wote na msimamo huo, na hakuna dola kubwa iliyowahi kuufanya kuwa kanuni ya kodi zake. Sababu ya hilo inaonekana vizuri zaidi kwenye kesi ya Mwamishi mmoja, muumini wa dhehebu la Kikristo la Marekani linaloishi kwa kujitenga na mambo ya dunia.

Aliitwa Edwin Lee, mkulima na seremala wa Pennsylvania. Aliwaajiri Waamishi wenzake shambani na kwenye karakana yake. Kwa Waamishi, kumtunza mzee na asiyejiweza ni wajibu wa jumuiya ya waumini, na kujiunga na hifadhi ya jamii ya serikali ni dhambi. Kwa hiyo Lee hakuwakata wafanyakazi wake michango hiyo, wala yeye kama mwajiri hakuilipa. Serikali ikamdai zaidi ya dola 27,000. Akalipa dola 91, deni la robo ya kwanza ya mwaka 1973, kisha akafungua kesi arudishiwe. Mwaka 1982 shauri lake likafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mahakama haikumdharau. Ilikubali kwamba imani yake ni ya dhati na kwamba sheria inambebesha mzigo katika imani hiyo. Na bado majaji wote wakaamua dhidi yake, kwa maelezo kwamba mfumo wa kodi hauwezi kufanya kazi ikiwa kila dhehebu litaruhusiwa kuupinga eti kwa sababu fedha zinatumika kinyume na imani yake.

Waamishi walikuwa wamepata nafuu mwaka 1965, kwa wale waliojiajiri wenyewe, na mwaka 1988 nafuu hiyo ikapanuliwa hadi kwa Mwamishi anayemwajiri Mwamishi mwenzake. Mara zote mbili ilitoka bungeni. Na ilikubalika kwa sababu wenyewe waliahidi kutochukua mafao: hatulipi na hatuli. Hakuna aliyebaki akilipishwa kwa ajili yao.

Sasa chukua kanuni yako uipe kila mtu. Mpinga vita aondoe sehemu ya jeshi. Asiyekula nyama kwa sababu za dini aondoe mishahara ya wakaguzi wa machinjio. Shahidi wa Yehova, ambaye imani yake inamkataza kuongezewa damu, aondoe benki ya damu. Mwislamu anayeamini kuwa riba ni haramu aondoe riba ya deni la taifa, ambayo katika nchi nyingi ni fungu nono la bajeti. Asiye na dini naye aondoe kila kinachowanufaisha wenye dini. Hawa wote wana dhamiri. Hakuna mizani ya serikali itakayopima dhamiri ipi ni nzito, na ole wetu siku serikali itakapojifanya inayo. Huwezi kudai msamaha huo kwa ajili ya imani yako ukamnyima jirani yako mwenye imani nyingine, na ukimpa kila mtu, hazina inafungwa.

Kuna tatizo la pili ambalo watu hawalifikirii. Tuseme umekubaliwa: shilingi zako zisiguse vidonge vya kuzuia mimba. Mfuko wa hazina ni mmoja. Zako zitapelekwa kwenye barabara, na za mwenzako zilizokuwa ziende barabarani zitahamia kwenye vidonge. Vidonge havipungui hata kimoja. Hili ndilo tatizo la muswada wa mfuko wa kodi ya amani, uliofikishwa katika bunge la Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1972 na Ron Dellums, mbunge aliyepinga vita vya Vietnam. Ungemruhusu anayekataa vita kwa imani yake kutaka kodi yake itumike nje ya jeshi. Jeshi lingepata kiasi kilekile kutoka kwa wengine. Mlipaji angepata utulivu wa moyo, na siudharau utulivu huo, lakini risasi haingepungua.

Utaniambia zipo nchi ambako mtu anachagua kodi yake iende wapi. Zipo, na zinafaa kutazamwa. Ujerumani serikali hukusanya kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato kutegemea jimbo, lakini kwa waumini waliosajiliwa tu. Anayetoa tamko rasmi kwamba amejitoa kanisani halipi tena. Italia kila mlipaji anaweza kuonyesha sehemu ya nane kwa elfu ya kodi ya mapato iende kwa dola, kwa Kanisa Katoliki au kwa jumuiya nyingine ya dini yenye makubaliano na dola. Huko Italia asiyechagua hasameheki, sehemu yake hugawanywa kwa kufuata uwiano wa waliochagua. Mipango hiyo inawezekana kwa kuwa kinachogawanywa ni ruzuku ya dini, kitu kinachotengeka. Hospitali haitengeki hivyo.

Nije kwenye dhamiri yenyewe, maana naamini ndiyo inayokusumbua kuliko hesabu. Dini zimefikiri sana juu ya umbali kati ya mtu na dhambi ya mwenzake. Wanateolojia wa Kikatoliki wanatenganisha kushiriki kwa kuikubali dhambi yenyewe na kuchangia kwa mbali pasipo kuitaka. Desemba 2020 Vatikani ilitumia tofauti hiyo iliposema kwamba chanjo za korona ambazo utafiti wake ulitumia seli zilizotokana na mimba zilizotolewa miongo kadhaa nyuma zinaweza kupokelewa bila hatia pale ambapo hakuna nyingine isiyo na dosari hiyo, kwa kuwa uhusiano wa mpokeaji na tendo lile ni wa mbali mno. Qur'ani katika sura ya Al-Maida inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui, na wanazuoni hutazama nia ya mtu, na kama msaada wake unaelekea kwenye tendo lenyewe au unapitia mikono mingi. Na Injili inasimulia Yesu alipoulizwa kuhusu kodi ya Warumi. Fedha hiyo ililisha majeshi yaliyoikalia nchi yake, na bado jibu likawa: ya Kaisari mpeni Kaisari. Kwa kipimo cha dini hizi mbili, anayelipa kodi ya jumla, ambayo bunge limeigawa katika maelfu ya mafungu, yuko mbali sana na kidonge anachomeza mwanamke asiyemjua.

Lakini anayetakiwa kufanya jambo kwa mikono yake hayuko mbali. Hapo sheria nyingi zimemkinga muumini, na ni sawa. Uingereza ilipoanza kuwaita watu jeshini kwa lazima mwaka 1916, iliweka kifungu cha kumsamehe anayekataa kwa dhamiri. Marekani tangu 1973 ina sheria inayomlinda daktari au muuguzi asilazimishwe kushiriki kutoa mimba au kufunga uzazi kinyume cha imani yake. Waliosamehewa bunduki mwaka 1916 hawakusamehewa kodi iliyonunua bunduki. Naona mstari huo umechorwa mahali pake. Muuguzi akilazimishwa, nitaandika kumtetea. Mlipa kodi akidai haki ileile, nitamwambia kwamba mikono yake haijafika huko.

Sasa neno lako zito: "amejichagulia, alipe mwenyewe." Ingia nami katika wodi moja ya hospitali ya umma. Kitanda cha kwanza amelala mtu ambaye ini lake limeharibiwa na pombe. Cha pili kijana aliyeanguka na pikipiki bila kofia ngumu. Cha tatu mzee mwenye kisukari ambaye kwa miaka mingi alionywa kuhusu vyakula vyake. Cha nne mtu aliyepasuka msuli akicheza mpira, mchezo ambao hakuna aliyemlazimisha kuucheza. Kule wodi ya wazazi yuko mama anayejifungua mtoto wa saba, na dini yake inamwambia kila mtoto ni baraka. Yupi hakuchagua? Muuguzi anayepita na dawa hana muda wa kusikiliza kesi tano, na sitaki awe nao, kwa maana siku atakapoanza kuhukumu kitanda kwa kitanda, atafika kwenye changu na chako. Wewe umechagua kutokunywa, na hongera. Umechagua pia kuwa na watoto wanaosomeshwa kwa kodi ya wasio na watoto, na huenda kila mwaka unafunga kwa siku kadhaa na vidonda vyako vya tumbo vinatibiwa kwa kodi ya asiyefunga. Hakuna aliyekuuliza.

Fedha nayo inazunguka kwa njia zisizokaguliwa na imani yoyote. Bia na sigara hutozwa ushuru mkubwa karibu kila nchi. Mnywaji yule wa kitanda cha kwanza ameingiza hazina, kwa miaka, fedha ambazo zimejenga madarasa wanamokaa watoto wa wasiokunywa. Sijawahi kumsikia muumini akidai darasa hilo livunjwe.

Na kuna mlipaji mwingine ambaye wenye dini tunamsahau: yule anayetulipia sisi. Katika nchi nyingi nyumba za ibada hazilipi kodi ya majengo. Barabara inayofika mlangoni na zimamoto watakaokuja paa likiwaka vinalipwa na majirani, wakiwemo wasioamini chochote. Mwaka 1970 mwenye kiwanja kimoja New York alilifikisha hilo katika Mahakama ya Juu ya Marekani, akisema msamaha wa makanisa unamfanya yeye ayachangie bila kupenda. Alishindwa, na naona mahakama iliamua vema. Lakini alikuwa anasema maneno yako, neno kwa neno, akiwa upande wa pili. Anayetaka kanuni ya "kila mtu alipie la kwake" aanze kwa kuandaa hundi ya kodi ya jengo lake la ibada.

Nchini India suala hili lilikuja kwa sura ya ruzuku ya hija. Serikali ilikuwa ikichangia nauli za Waislamu wanaokwenda Makka, na mwanasiasa wa Kihindu akaenda mahakamani kwa kifungu cha 27 nilichokitaja. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilimkatalia: kifungu kingevunjwa kama sehemu kubwa ya kodi ingekwenda kwenye dini moja, na hiyo ilikuwa ndogo. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo iliagiza ruzuku iondolewe hatua kwa hatua, ikikumbusha kwamba Qur'ani yenyewe inaifaradhisha hija kwa mwenye uwezo, na kwamba fedha hizo zingefaa zaidi katika elimu na maendeleo ya Waislamu. Serikali iliisitisha mwaka 2018. Mimi ningefurahi zaidi kama kesi ya kwanza ingetosha, maana ruzuku ya ibada, hata iwe ndogo, inafanana na zile peni tatu za Madison.

Usinielewe kwamba bunge halina ruhusa ya kukataa kulipia jambo. Linayo, tena pana. Mwaka 1976 bunge la Marekani lilipitisha kifungu kinachoitwa kwa jina la mbunge Henry Hyde, kinachozuia fedha za serikali kuu kulipia utoaji mimba katika bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, isipokuwa kwa hali chache kama maisha ya mama yakiwa hatarini. Kimekuwa kikirudiwa kwenye bajeti mwaka baada ya mwaka, ingawa yapo majimbo yanayolipia kwa fedha zao. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ilikihalalisha kwa kura tano dhidi ya nne. Ilisema umaskini wa mwanamke haukuletwa na serikali, na serikali hailazimiki kuuondoa kwa kulipia kila jambo ambalo sheria inaliruhusu.

Kisheria naielewa hoja hiyo. Kiutu inanisumbua, kwa kuwa kizuizi cha aina hii hakimgusi mwenye fedha hata kidogo. Kinamwangukia maskini peke yake, na anayekipigia kura inampasa amtazame huyo usoni. Na kwako wewe muumini nina neno gumu kidogo. Kama unaamini kwamba utoaji mimba ni kuua mtu, basi ungekuwa mbaya uleule kama mhusika angelipa kutoka mfukoni mwake. Hoja yako basi ni uhai, na kodi haina nafasi humo. Isimamie hoja hiyo waziwazi, ikabiliwe waziwazi na wanaoamini vingine. Ukiificha ndani ya "sitaki kulipia chaguo la mtu" unaifanya ndogo kuliko ilivyo, na unawafungulia wengine mlango wa kuyakatia fedha mambo ambayo wewe unayaona matakatifu.

Hapa tunaingia swali lako la pili. Wanaokuambia uiache dini nyumbani wanakosea. Katika kesi ileile ya 1980 ilidaiwa kwamba kifungu cha Hyde ni dini iliyovikwa vazi la sheria, kwa kuwa kinalingana na mafundisho ya Kanisa Katoliki. Mahakama ilikataa: dini zinakataza wizi, na hilo halifanyi sheria ya wizi kuwa ya kidini. William Wilberforce alipigana bungeni dhidi ya biashara ya watumwa kwa sababu ya Ukristo wake, na mwaka 1807 Uingereza ikaipiga marufuku. Martin Luther King alikuwa mchungaji wa Kibaptisti na alizungumza kwa lugha ya manabii hadi mwisho. Anayetaka kuwanyamazisha watu wa namna hiyo hajui anachokiomba.

Angalia lakini walichokuwa wakikidai. Mtu asiuzwe. Mtu apige kura. Mtu akae kwenye kiti chochote cha basi. Yalitoka kwenye imani, lakini mtu wa imani nyingine, au asiye na imani, aliweza kuyapima na kuyakubali bila kuongoka kwanza. Hilo ndilo ninalokuomba ulifanye. Ukisema "zuieni fedha hii kwa kuwa kitabu changu kinakataza", umemtaka jirani yako atii kitabu asichokiamini, na kesho atakutaka utii chake. Ukija na hoja ya madhara, ya haki, ya matumizi bora ya fedha, anaweza kukujibu, na mnaweza hata kukubaliana.

Tuijaribu kwa vidonge vya kuzuia mimba. Serikali haivilipii kwa sababu ya kuyachukia mafundisho ya dini yako. Sababu zake ni mama wanaokufa wakijifungua, mimba zinazofuatana mno, na watoto wa kike wanaoacha shule. Hizo zinapimika, na una haki ya kuzipima. Uliza katika kikao cha bajeti: fungu hili ni kiasi gani, limepunguza vifo kweli, kwa nini elimu ya njia za asili, ambazo dini nyingi zinazikubali, haimo ndani yake? Dai kliniki iwaeleze wanawake madhara ya kila njia. Dai muuguzi asiyetaka kutoa aruhusiwe kukaa kando, mradi mgonjwa apate mwingine wa kumhudumia siku hiyohiyo. Changia kwa fedha yako mwenyewe vituo vya kuwasaidia akina mama. Gombea ubunge ukitaka. Hayo yote yako ndani ya haki yako, na mengine yanaweza kubadili bajeti kuliko mgomo wa kodi.

Kuna tukio ninalowasomea wanafunzi wangu wanaponiuliza swali kama lako. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya 1833, iliahidi paundi milioni 20 za fidia. Fidia hiyo haikwenda kwa waliokuwa watumwa. Ilikwenda kwa waliowamiliki. Dola ilikopa ili kuilipa, deni likaingia kwenye hati fungani za serikali, na hati za mwisho zilizolibeba zilikombolewa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba walipa kodi wa Uingereza, wakiwemo wajukuu na vitukuu wa watumwa wenyewe, walikuwa wakichangia malipo hayo hadi juzi tu, wengi bila kujua. Sioni dhamiri ambayo haikwazwi na hilo. Lakini mwaka 2015 hakuna mlipaji aliyeweza kulirekebisha kwa kuzuia kodi yake. Lilikuwa limeamuliwa mwaka 1833, siku wabunge walipopiga kura, na waliokuwa na la kusema walikuwa na siku ileile ya kulisema.